Betri Kuukuu Inakwenda Wapi?



Vinyozi na maduka mengi ya Lodwar na Kakuma wanatumia sola. Betri ikifa, anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, anatoa pesa kidogo, anaibeba. Sisi tunafurahi. Lakini je, tumeuliza inakwenda wapi?

Ndani ya betri mna madini ya risasi, na risasi ina soko nchi za nje. Kabla ya kuuzwa, betri huvunjwa na risasi huyeyushwa motoni. Kazi hiyo isipofanywa kwa uangalifu hutoa moshi na vumbi la sumu. Kuzuia sumu kunagharimu pesa. Kwa hiyo mara nyingi kazi chafu inafanywa kwa maskini, madini yanakwenda kwa tajiri, na uchafu unabaki.

Tuwatazame ndugu zetu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa wenye watu kama 3,000. Kuanzia 2007 kiwanda kiliyeyusha betri ubavuni mwa nyumba zao, na risasi ikauzwa ng'ambo. Watoto waliugua. Mama Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale, mwanawe pia aliugua. Akapaza sauti, majirani wakaungana naye. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa haki wananchi.

Sumu ya risasi huingia mwilini kwa vumbi, chakula na maji. Hukaa mifupani, na huharibu akili ya mtoto kabla hata hajaonekana mgonjwa.

Basi tufanye hivi:

1. Tusivunje betri nyumbani, wala tusiyeyushe risasi jikoni.

2. Tusimwage asidi kwenye laga. Pale Tarach na Kawalase akina mama wanachimba maji mchangani. Tutakachomwaga ndicho tutakachokunywa.

3. Betri iliyokufa iwekwe mbali na watoto, na iuzwe ikiwa nzima.

4. Akija mtu na habari za kiwanda, tumsikize. Halafu tumuulize mbele ya baraza: Uchafu utabaki wapi? Nani atausafisha?

Kuuliza si ukorofi. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Owino Uhuru waliidai wakiwa pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa.