Shabani Nonda: goti liliumia, mabao yakarudi

Kwa kijana anayecheza kabumbu huko Yanonge, ukingoni mwa mto Congo, Ulaya ni mbali. Shabani Nonda naye hakufika huko kwa safari moja.

Mshambuliaji huyo wa zamani wa Leopards alizaliwa Bujumbura mwaka 1977. Alianza soka Burundi, akachezea Yanga ya Dar es Salaam, kisha Vaal Professionals ya Afrika Kusini. Ulaya ilimfungulia mlango kupitia FC Zürich ya Uswisi. Mwaka 1998 alihamia Rennes ya Ufaransa, na miaka miwili baadaye Monaco ikamnunua.

Msimu wa 2002-2003 alifunga mabao 26 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa. Msimu uliofuata ulikuwa umeanza tu alipoumia vibaya goti. Akakaa nje miezi mingi, huku Fernando Morientes, aliyechukuliwa kwa mkopo kutoka Real Madrid, akiongoza mashambulizi.

Aprili 20, 2004, Monaco ilicheza na Chelsea nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikiwa imebaki na wachezaji 10. Nonda aliingia dakika za mwisho na kufunga bao la tatu. Monaco ikashinda 3-1. Kwenye fainali pia aliingia kutoka benchi, lakini Porto ikashinda 3-0.

Baadaye alichezea Roma, Blackburn na Galatasaray, ambako alitwaa ubingwa wa Uturuki mwaka 2008, miaka mitano baada ya goti lile kuumia.