Windows 10 imefikia kikomo: Je, ubadilishe mfumo au ubaki ulipo?

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma za kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, miaka 10 baada ya kuuzindua Julai 2015. Kwa mwenye duka, mwalimu au karani ambaye tarakilishi yake ingali inafanya kazi vyema, tangazo hilo lilizua swali gumu. Je, aubadilishe mfumo, anunue mashine nyingine, au aendelee alivyo?

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayozisimamia programu nyingine zote. Ndio unaofungua faili, kuiamrisha printa na kuiunganisha tarakilishi na mtandao. Kukoma kwa huduma hakumaanishi kwamba mashine itazimika. Itaendelea kuwaka kama kawaida. Kinachokoma ni masasisho ya usalama, yaani viraka ambavyo kampuni hutuma kila mwezi ili kuziba nyufa zilizogunduliwa katika mfumo.

Hapo ndipo penye hatari. Windows 10 na Windows 11, iliyozinduliwa Oktoba 2021, zina sehemu nyingi zinazofanana. Microsoft inapotoa kiraka cha Windows 11, wadukuzi hukichunguza ili kubaini ni ufa upi uliozibwa, kisha huutafuta ufa uo huo katika mfumo wa zamani usiopata kiraka. Hivyo basi, mfumo ulioachwa huzidi kudhoofika kila mwezi hata kama mwenyewe hajagusa chochote. Programu ya kukabiliana na virusi husaidia, lakini haizibi nyufa za mfumo wenyewe.

Hasara yake si ya kubuni. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja mkubwa katika Windows. Chini ya miezi miwili baadaye, Mei 12, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipenya kupitia ufa huo katika mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa, ikafunga faili na kudai fidia ya dola 300 au zaidi kwa kila mashine. Hospitali za umma nchini Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioathirika vibaya, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kiraka kilikuwapo, wengi hawakuwa wamekiweka. Anayetumia mfumo usiotumiwa viraka tena hana hata fursa hiyo.

Hata hivyo, wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mtu asikimbilie kubadilisha mfumo kabla ya kujua iwapo mashine yake inaweza kuubeba.

Windows 11 hudai mambo kadhaa. Mashine sharti iwe na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, ingawa kwa kazi za kila siku gigabaiti 8 za kumbukumbu ndizo zitakazokuepusha na uzito wa mashine. Aidha, lazima iwe na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Ili kukikagua, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha usome toleo litakalotajwa. Ukiambiwa hakipo, usikate tamaa mara moja, kwani katika mashine nyingi kijenzi hicho kimo ila kimezimwa, na fundi anaweza kukiwasha.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kichakataji. Kwa vile vya Intel Core, Windows 11 hukubali kizazi cha nane na vilivyofuata, isipokuwa vichache vya awali. Nambari hujieleza: i5-7200U ni cha kizazi cha saba, nacho i5-8250U ni cha nane. Anayenunua kipakatalishi kilichotumika ng'ambo aisome nambari hiyo kabla ya kutoa pesa. Tofauti ya tarakimu moja yaweza kuamua iwapo mashine itapata ulinzi kwa miaka ijayo au la.

Iwapo mashine yako inafaa na Windows 10 uliyo nayo ni halali, kuhamia Windows 11 hakulipiwi, na ni vigumu kupata sababu ya kungoja. Sababu moja ya haki ni programu ya uhasibu au printa ya zamani ambayo huenda isipatane na mfumo mpya. Muulize kwanza aliyekuuzia. Baada ya kubadilisha, una siku 10 za kurejea mfumo wa awali iwapo mambo hayakwenda sawa.

Iwapo mashine haifai, njia hazijafungwa zote. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba watu binafsi wangeweza kujisajili kupata viraka vya ziada hadi Oktoba 13, 2026. Huo ulikuwa muda wa kujipanga, wala haukuwa suluhu ya kudumu. Njia nyingine ni kuweka mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, au Linux Mint. Hiyo haina ada, na huwafaa wanaotumia tarakilishi kwa barua pepe, kuandika na kuperuzi mtandao. Anayetegemea programu zilizoundwa kwa Windows pekee atatatizika.

Jihadhari na wanaoahidi kuilazimisha Windows 11 kuingia katika mashine isiyofaa. Microsoft haihakikishi kwamba mashine ya aina hiyo itaendelea kupata viraka, na viraka ndivyo ulivyokuwa ukivitafuta.

Uzito wa uamuzi hutegemea pia kilichomo ndani. Mashine ya kuchezea muziki isiyounganishwa na intaneti yaweza kubaki ilivyo. Zahanati yenye rekodi za wagonjwa, shule yenye majina ya watoto au chama cha akiba na mikopo haviwezi kujipa uhuru huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu kuchukua hatua zifaazo za kuzilinda.

Uamuavyo vyovyote, anza kwa kunakili faili zako katika diski ya nje, kisha uichomoe na kujaribu kuzifungua katika mashine nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa si ya kutegemewa. Ukishafanya hivyo, kagua mashine, waulize wenye programu unazozitegemea, ndipo ubadilishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hata anayeziba ufa hupima kwanza.