Kutafuta Jina katika Orodha ya Kompyuta

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wanaoanza kutunga programu za kompyuta ni hili: mtumiaji achape herufi chache, na programu imwonyeshe jina analolitaka katika orodha ndefu. Hapana budi mwanachuo alielewe vema kabla ya kulifundisha, kwani kosa lake halionekani upesi.

Tuchukue orodha ya wanafunzi 45 waliopangwa kwa alfabeti. Mwalimu akichapa "ma", programu hulinganisha herufi hizo na mwanzo wa kila jina. Katika lugha ya Python kazi hiyo hufanywa na agizo startswith, baada ya agizo lower kugeuza maandishi yote kuwa herufi ndogo. Majina yanayolingana hubaki kwenye kioo, mengine hufichwa. Hapo hapana ugumu.

Ugumu umo katika nafasi. Tuseme Mariamu ni wa 23 katika orodha kamili. Baada ya kuchuja, yu wa 3, nyuma ya Magreth na Maiko. Mwalimu akimchagua, programu huarifiwa nafasi ya 3 tu, wala si jina. (Kwa kweli Python huanza kuhesabu kwa 0, hivyo itapokea 2; jambo hilo nalo huwapoteza wengi.) Ikiipeleka nafasi hiyo kwenye orodha kamili, alama za Mariamu zitaandikwa kwa Amina, na onyo halitatolewa. Dawa yake ni kuambatanisha kila jina na namba ya kuandikishwa shuleni, na alama ziandikwe kwa namba hiyo. Jina peke yake halitoshi: darasa moja laweza kuwa na akina Juma Ali wawili. Aidha, yanapolingana majina zaidi ya moja, programu isijichagulie; imngoje mwalimu.

Somo hili laweza kufundishwa pasipo kompyuta. Wanafunzi 12 wasimame mstari mmoja, kila mmoja na kadi yenye jina na namba. Mwalimu ataje herufi, wasiolingana wachutame. Kisha aulize, "Wa pili ni nani?" Aghalabu majibu yatakuwa mawili: baadhi watahesabu waliosimama, wengine mstari mzima. Asifanye haraka kusahihisha, maana ubishi huo ndio kiini cha somo. Waachwe wabishane, ndipo awaulize ni kitu gani kwenye kadi ambacho hakikubadilika wenzao walipochutama.