Askofu wa Bure

Haya vijana, leteni ubao. Asiye na ubao achore miraba 64 kwenye katoni, na asiye na kete aokote visoda aviandike herufi. Drafti tunaichezea visoda kutoka Kitengela mpaka Namanga, sembuse sataranji. Leo hata hatuhitaji kete zote. Kumi zinatosha.

Pangeni hivi. Weupe: mfalme g1, askofu c3, askari wawili, g2 na h4. Weusi: mfalme e6, askofu f5, askari wanne, a4, d5, f6 na g6. Zamu ni ya mweusi. Kete zilikaa hivi kweli mwaka 1998, katika mashindano ya Linares, Hispania. Mweupe alikuwa Veselin Topalov wa Bulgaria, yule aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 2005. Mweusi alikuwa Alexei Shirov, mzaliwa wa Riga, Latvia.

Kwanza tuhesabu mali. Askari ni pointi 1, askofu ni pointi 3. Maaskofu wanafutana, kwa hiyo mweusi yuko mbele kwa pointi 2. Utasema kazi imekwisha. Hebu tazama maaskofu hao vizuri: mmoja anatembea kwenye miraba myeusi tu, mwingine kwenye myeupe tu. Hawatakutana mpaka mchezo uishe. Michezo ya namna hii huishia sare mara nyingi ajabu, kwa sababu anayezidiwa hujenga ukuta kwenye miraba ya rangi ya askofu wake, na askofu wa mwenzake hana la kuufanya ukuta huo.

Topalov alihitaji kitu kimoja: mfalme wake afike e3. Shirov naye alihitaji kitu kimoja: mfalme wake afike e4 kabla ya hapo. Njia fupi ni kupitia f5, na f5 amekaa askofu wake mwenyewe.

Basi si amwondoe? Amwondoe aende wapi? Akimpeleka pembeni tu, mfalme mweupe anakwenda f2, mweusi anaingia f5, mweupe anatua e3, ukuta umesimama. Akimpeleka e4 ili atishie askari wa g2, mweupe anamsogeza askari huyo g3, na sasa askofu ameziba mraba ule ule mfalme wake anaoutaka. Jaribuni wenyewe, msiniamini kwa maneno.

Shirov akamsukuma askofu mpaka h3. Bure kabisa, mdomoni mwa askari wa g2. Topalov akamla. Mfalme mweusi akaingia f5, mweupe akaja f2, mweusi akatua e4. Kamtangulia kwa hatua moja, na hatua hiyo moja ndiyo aliyoinunua kwa askofu mzima. Topalov akala na askari wa f6, wa d5 akasonga d4, na kuanzia hapo askari wawili, wa a na wa d, wakawa wanakimbilia kugeuka malkia, kila mmoja kwenye njia yake. Askofu mmoja hawezi kuwachunga wawili walio mbali hivyo. Kufikia hatua ya 53, Topalov alisalimu amri. Na kama angekataa ile zawadi? Askofu angemla g2 na mfalme wa Topalov angebaki amechelewa vile vile.

Sasa tuje kwa mashine. Mwaka mmoja kabla ya mchezo huu, Mei 1997, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mjini New York. Ilikuwa ikipima mikao ipatayo milioni 200 kwa sekunde. Ungetarajia mashine za zama hizo zichekelee fumbo la kete kumi. Lakini programu za wakati huo zilipopewa mkao huu, hazikumwona yule askofu wa h3.

Sababu ni hii. Hatua zinazowezekana ni nyingi, na kila moja huzaa nyingine, hizo nazo huzaa nyingine. Hakuna mashine inayoweza kuzifuata zote mpaka mwisho. Kwa hiyo programu hupanga foleni: hatua zinazoonekana nzuri mbele, zinazoonekana mbovu nyuma. Za mbele huchimbwa kwa kina. Za nyuma hukatwa mapema, au huangaliwa kijuujuu. Na kutoa askofu bila kula chochote ni hatua ya kuwekwa nyuma kabisa. Hesabu inaporomoka kutoka pointi 2 mbele hadi pointi 1 nyuma, na askari wa f6 akiliwa inakuwa 2 nyuma. Faida inakuja hatua nyingi baadaye, mahali ambapo macho ya mashine yalikuwa hayajafika. Huku nyuma, hatua nyingine za uvivu zinaiambia: tulia, uko mbele kwa pointi 2. Pointi hizo ni za kweli, ila hazishindi kitu.

Ndiyo maana wanaopima programu hupenda mikao ya mwisho wa mchezo yenye kafara. Kete ni chache, jibu linajulikana, hakuna mahali pa kujificha. Na lazima jibu liwe moja tu. Zikiwa hatua mbili zinazoshinda, hujapima chochote.

Unaweza kufanya jaribio hili kwa simu. Stockfish, ambayo ni miongoni mwa programu kali kuliko zote duniani, ni ya bure na imo ndani ya Lichess. Ingiza mkao, hakikisha zamu ni ya mweusi, kisha subiri. Andika ni muda gani umepita kabla ya kupendekeza h3, na imefika kina cha hatua ngapi. Matoleo ya sasa huifikia, lakini simu ndogo inayochemka mkononi si sawa na kompyuta ya mezani, kwa hiyo andika na kifaa.

Hapa kuna mitego. Ukiionyesha programu jibu kwa kumweka askofu h3, halafu ukarudisha nyuma, papo hapo itadai kwamba inalijua. Imekumbuka tu kile ilichopima sekunde chache zilizopita. Anza upya, kumbukumbu ikiwa tupu. Mtego wa pili ni ule wa kuiomba ionyeshe njia tano bora badala ya moja. Hapo umeilazimisha ichimbe hatua ambazo ingezikata, kwa hiyo umeisaidia. Si dhambi, lakini iandike.

Wapo watakaokuambia utumie kitabu cha majibu, ambamo mikao yote imeshapimwa. Vitabu hivyo vipo. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walipima mikao yote ya awari, mchezo wa Afrika Magharibi ulio ndugu wa bao na wa enkeshui ya Wamaasai huku Kajiado. Mikao ilikuwa zaidi ya bilioni 889, na walipata kwamba wote wawili wakicheza bila kosa ni sare. Kwa sataranji, kitabu kamili kimefika kete saba, na chapa yake inayotumiwa sana inameza zaidi ya terabaiti 16. Sisi tuna kete kumi. Kitabu hakijafika kwetu, mashine lazima ifikiri.

Na ikijibu h3, je, imefaulu? Hapo nitawasimulia habari ya hapa hapa kwetu. Richard Turere alikulia kwenye nyanda za Kitengela, ubavuni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na simba walikuwa wakiwala ng'ombe wa nyumbani kwao. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona vizuri zizini. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiona wakarudi zao. Siku ya pili wakagundua haisogei, wakaingia. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka na tochi, akaona kuwa wanaogopa mwanga unaotembea. Basi kijana wa miaka 11 akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu, taa zikawa zinawaka kwa zamu kana kwamba mtu anatembea. Mwaka 2013 aliieleza dunia kazi hiyo kwenye jukwaa la TED.

Kama Turere angepima usiku mmoja tu, angeishi akiamini kwamba sanamu inafukuza simba. Programu nayo inaweza kumweka askofu h3 kwa sababu tu pale anamtishia askari wa g2, bila kujua lolote kuhusu e4. Waundaji wa Stockfish wanalijua hilo: badiliko lolote hupimwa kwa maelfu ya michezo kamili kwenye kompyuta za watu wa kujitolea, maana programu iliyonolewa ili ing'are kwenye mafumbo inaweza kucheza ovyo kwenye mchezo wa kawaida.

Nyinyi hamna maelfu ya kompyuta, lakini mna njia yenu. Rudisheni mkao wetu kama ulivyokuwa, halafu msogezeni mfalme mweupe mraba mmoja tu, kutoka g1 hadi f2. Kila kete nyingine ibaki pale pale. Sasa kafara haifai kitu: askofu akiliwa h3 na mfalme mweusi akiingia f5, mweupe anatua e3, na Shirov angekuwa amegawa askofu wake bure. Iulizeni mashine tena, kumbukumbu ikiwa tupu, muda ule ule. Ikiwa bado inamtaka askofu h3, mnajua la kuandika.