Je, Wajua? Chafya Iliyomlaza Daktari

Je, wajua kwamba virusi vya influenza ya binadamu vilinaswa kwa msaada wa fereti, mnyama mdogo wa ukoo mmoja na kicheche? Mwaka 1933, jijini London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji waliyosukutulia wagonjwa, wakayachuja kuondoa bakteria, kisha wakawadondoshea fereti puani. Siku ya pili wanyama wakashikwa na homa. Fereti walikuwa wamezoeleka pale kwa sababu ya utafiti wa distempa, ugonjwa wa mbwa.

Je, wajua kwamba baadaye fereti mmoja alirudisha zawadi? Alimpigia chafya ya uso kwa uso Charles Stuart-Harris, daktari aliyekuwa akimpima. Baada ya siku mbili hivi daktari akalala na homa, na virusi vilivyotoka kooni mwake vikawaambukiza fereti wengine. Ripoti ikachapishwa mwaka 1936. Jaribio la kupangwa lisingetoa ushahidi mzuri kuliko ajali ile.

Je, wajua kwamba panya wa maabara ni shahidi dhaifu? Wengi wana hitilafu katika jeni ya Mx1, ambayo ikiwa nzima huwakinga panya na influenza. Tena huambukizana kwa shida. Panya atakuonyesha mapafu yanavyoharibika, lakini ukitaka kujua ugonjwa unavyohama, mrudie fereti.

Je, wajua kwamba virusi hivi ni wezi? Hung'ang'ania sukari iliyo juu ya seli, huingizwa ndani, na jeni zao hufika hadi kwenye kiini. Huko hukata vichwa vya ujumbe wa seli na kuvibandika kwenye ujumbe wao, nayo seli hudanganyika na kutengeneza protini za mgeni. Wakati wa kutoka, kimeng'enya kiitwacho neuraminidase hukata ile sukari ili virusi vipya visigande mlangoni. Dawa ya oseltamiviri hukizuia kimeng'enya hicho.

Je, wajua kwamba jeni za influenza A ziko katika vipande 8? Virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya seli moja ya nguruwe, vinaweza kubadilishana vipande. Virusi vya janga la mwaka 2009 vilitokana na mchanganyiko wa namna hiyo.

Na bata? Kwao virusi huzaliana hasa utumboni, hutoka na kinyesi na kuenea majini, huku bata mwenyewe mara nyingi akionekana mzima kabisa.

Je, wajua kwamba simbilisi ndiye aliyetufundisha kuhusu hali ya hewa? Ripoti ya mwaka 1919 ilieleza simbilisi waliokufa katika kambi ya jeshi ya Camp Cody, New Mexico, wakati wa janga la influenza. Miongo mingi baadaye Anice Lowen, Peter Palese na wenzao wakamjaribu tena. Kwenye nyuzi 5 za Selsiasi, virusi viliruka kwa hewa kutoka tundu hadi tundu kwa urahisi. Kwenye nyuzi 30, joto la kawaida kabisa Dar es Salaam au Mombasa, havikuruka. Lakini simbilisi waliowekwa tundu moja waliendelea kuambukizana hata kwenye joto hilo. Kwa hiyo usilitegemee jua la Pwani: mwenye mafua nyumbani akae mbali kidogo, nawe unawe mikono.