Moto Usio na Kazi

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika viwanda vya silaha vya Ufaransa, ulitumika unga wa manjano uitwao dainitrofenoli, uliochanganywa na asidi ya pikriki kwa ajili ya kujazia makombora. Na wafanyakazi walioushika au kuuvuta pumzi walikonda, wakarowa jasho, miili ikawaka joto, na baadhi yao wakafariki dunia.

Sababu haikubainika upesi. Ndani ya chembe hai zetu mna vyombo vidogo mno, mitokondria, ambavyo huunguza chakula na kwa nguvu ipatikanayo husukuma protoni nje ya utando wao wa ndani. Protoni hizo hazina budi kurejea kwa mlango maalumu, na katika kupita kwao ndipo iundwapo ATP, ambayo ndiyo riziki ya moyo, misuli na ubongo. Dainitrofenoli ni kama mfanya magendo avushaye bidhaa usiku pasipo kupita forodhani: protoni zimefika, lakini ushuru haukulipwa. ATP hupungua, mwili huzidi kuunguza mafuta yake, na nguvu yote huishia kuwa joto tupu.

Mwaka 1933, Maurice Tainter na Windsor Cutting wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliitangaza dainitrofenoli kuwa dawa ya unene, nayo ikauzwa hata bila ya cheti cha daktari, ikakadiriwa kwamba muda si mrefu watu 100,000 walikwisha kuitumia. Walikonda kweli, wala hapo hapakuwa na ulaghai. Ubaya ni kwamba kile kinachokondesha ndicho hicho hicho kinachoua, na kipimo cha hili na kipimo cha lile havitengani mbali. Wengine walipata mtoto wa jicho, wengine wakafa kwa joto, hata ilipofika mwaka 1938 dawa hiyo ikapigwa marufuku.

Joto hilo si homa ya kawaida iliyoamriwa na ubongo, kwa hiyo vidonge vya kutuliza homa havifai kitu; tena aspirini yenyewe (ajabu ya mambo!) ikizidi sana mwilini hufanya magendo yale yale. Dawa ya kuivunja sumu hii haijapatikana, na tabibu hana ila barafu, maji ya mishipani na subira.

Hata hivyo maumbile nayo yanaijua hila hii. Mtoto mchanga, asiyeweza kutetemeka kwa baridi, ana mafuta ya kahawia ambayo mitokondria yake hupitisha protoni makusudi ili kumtia joto, na akipata joto la kutosha njia hiyo hufungwa. Aliyemeza dainitrofenoli hana wa kumfungia, naye hungoja mpaka mwili uitoe wenyewe; na bado wako watunisha misuli wanaoinunua kwa siri, ijapokuwa Uingereza, tangu mwaka 2023, imeiweka katika orodha ya sumu zisizouzwa pasipo leseni.