Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Iringa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 30. Njombe na Rukwa, nako mavuno si haba, hali inakaribiana. Kwa hiyo uhaba wa chakula pekee hauelezi tatizo hili. Udumavu huanza tangu mimba na hujijenga hadi mtoto afikishe miaka miwili, kwa mlo usio na mchanganyiko na maradhi ya mara kwa mara, hasa kuhara. Ni kipindi hichohicho ambacho ubongo hukua kwa kasi.

Hapa ndipo elimu kwa mama inapookoa. Tumbo la mtoto wa miezi sita ni dogo. Uji mwepesi wa sembe hulijaza maji, mtoto akashiba bila kupata virutubisho. Mama aliyefundishwa kwa vitendo hupika uji mzito usiochuruzika kijiko kikiinamishwa, akauongezea karanga au dagaa waliosagwa, na haachi kunyonyesha. Hujua pia kwamba mzani peke yake haugundui udumavu, kwa kuwa mtoto mfupi anaweza kuwa na uzito unaolingana na kimo chake. Huomba mtoto apimwe urefu, huuliza kama mstari kwenye kadi ya kliniki unapanda, na mtoto wa miezi tisa asipoweza kukaa bila kushikiliwa, humpeleka kituo cha afya mapema.

Wapo wanaosema kumfundisha mama ni kumtwisha lawama. Hoja hiyo ina uzito: anayeshinda shambani hapati nafasi ya kumlisha mtoto mara tatu au nne kwa siku, na mara nyingi fedha za mahindi hushikwa na mume. Kaya isiyo na kitu nayo inahitaji msaada kabla ya somo. Lakini hayo hayaifuti elimu, yanataka iwafikie wengi zaidi. Baba anayeamua gunia lipi liuzwe na bibi anayebaki na mtoto nao waitwe kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, wapike na waisome kadi. Baba, safari ijayo ya kliniki nenda na mama, na msiondoke kabla mtoto hajapimwa urefu.